Vyuma si vya mabaunsa peke yao

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma nakuomba ufanye jambo moja dogo. Keti kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, kisha inuka bila kushika chochote. Umeweza? Vyema. Huenda ukauona ni mchezo wa watoto na ukajiuliza nimepatwa na nini Jumapili ya leo. Mimi pia ningecheka, lakini hiyo ilikuwa kabla ya usiku mmoja wa mwaka 2023 nilipoitwa na baba kutoka chooni.

Nyumba yetu hapa Changamwe ni ile ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na choo kiko uani. Ni choo cha kuchuchumaa. Baba alikuwa ametoka hospitali wiki mbili nyuma baada ya kulazwa siku 20 kwa homa ya mapafu. Daktari alituambia amepona, na kwa hakika kifua chake kilikuwa safi. Mwendo wa saa tisa za usiku nikasikia mtu akigonga bati. Anagonga, ananyamaza. Anagonga, ananyamaza. Nilipotoka na tochi nilimkuta mzee ameketi kwenye sakafu yenye maji, mgongo ukiegemea ukuta, ametota jasho. Alikuwa amechuchumaa, miguu ikakataa kumwinua, akateleza chini. Nilimuuliza amekuwa humo tangu lini, hakunijibu. Baadaye nilijua kutoka kwa mama kwamba alitoka chumbani saa nane. Kwa muda wa saa nzima mzee alikuwa akiona haya kuniita.

Nilimshika makwapani nikamwinua jinsi anavyoinuliwa mtoto mchanga. Tulipofika mlangoni aliniambia neno moja tu, tena bila kunitazama: "Usimwambie mama yako."

Ningependa ujue ni mtu wa aina gani niliyekuwa nikimwinua. Baba yangu alikuwa kuli. Tangu mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka 20, hadi miaka ya tisini ilipokuwa inakwisha, alibeba magunia katika maghala ya Shimanzi na, kazi ilipopatikana, gatini Kilindini. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gunia la kahawa lina kilo 60. Gunia la mahindi lina kilo 90, na hilo alitwikwa na wenzake wawili, kisha huyo, anakwea ubao hadi juu ya lori, anatua, anarudi kwa jingine. Jioni alirejea nyumbani na vumbi la saruji kwenye nyusi, na bado alikuwa na nguvu za kunibeba mimi bega hili na dada yangu bega lile. Sisi watoto tuliamini hakuna kitu duniani ambacho baba hawezi kukiinua. Na huyo ndiye aliyeshindwa kuuinua mwili wake mwenyewe, mwili uliokuwa umebakia na kilo 58.

Wengi wetu hudhani kwamba mtu aliyefanya kazi za sulubu ujanani ana akiba ya nguvu ya kumfikisha uzeeni. La hasha. Mwili hauweki akiba ya misuli usiyoitumia. Wataalamu wanakadiria kwamba mtu akishapita miaka 30 hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na akishapita 60 kasi hiyo huongezeka. Haya hutokea polepole na wala huyahisi. Kisha ugonjwa unakulaza kitandani wiki mbili tatu, na kile kidogo kilichobakia kinakatwa kwa panga. Homa inaondoka, daktari anaandika kwamba umepona, na wewe huwezi kutoka chooni.

Sasa, msomaji, lazima nikueleze habari zangu mwenyewe, kwa maana mimi nilikuwa nimeanza kunyanyua vyuma miaka miwili kabla ya usiku ule, na sikuanza kwa ajili ya afya.

Mwaka 2020 kampuni niliyokuwa nikiiandikia ilipunguza wafanyakazi. Nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Habari zenyewe nilizipata kwa ujumbe wa simu nikiwa ndani ya matatu, na abiria aliyeketi kando yangu akazisoma kabla sijazimaliza. Nikafunga virago vyangu Nairobi, nikarudi kwa wazazi wangu nikiwa na miaka 33. Usingizi ulinitoroka. Kila alfajiri mwendo wa saa kumi nilikuwa macho, maneno ya ujumbe ule yakinizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chupani. Nilikuwa mkali kwa mama bila sababu. Kuna siku nyingi sikuoga. Mshauri nasaha wa zahanati alinisikiliza na kunisaidia, nami sitamnyima haki yake, lakini baina ya Jumanne moja na nyingine nilikuwa peke yangu na wale nzi.

Aliyenipeleka kwenye vyuma ni jirani mwenye bodaboda. Nadhani alichoka kuniona nimeketi kibarazani. Jimu yenyewe iko Magongo, na ukisikia neno jimu usifikirie vioo na muziki. Ni banda la mabati lenye sakafu ya mchanga. Vyuma vyake vingi ni madebe na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, miwili miwili, ikaunganishwa kwa bomba. Mwenye banda, bondia wa zamani ambaye vijana humwita Mwalimu, huandika uzani wa kila kimoja kwa chokaa. Kiingilio ni shilingi 50.

Siku ya kwanza alinipa bomba la kilo 20 nililaze mabegani, nichuchumae, niinuke, mara kumi, nipumzike, nirudie, mikupuo mitatu. Nilirudi nyumbani miguu ikitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Usiku huo nililala hadi saa moja. Sikuwa nimelala hivyo kwa muda wa miezi mitano.

Nimejiuliza mara nyingi kulitokea nini. Jibu langu ni hili: ukiwa na chuma mabegani huwezi kufikiria ujumbe wa simu. Ukifikiria, unaanguka. Akili yote inaitwa kazini, miguu inataka kujua ikae wapi, pumzi inataka kujua itoke lini, na hesabu inataka kufika kumi. Kwa muda wa dakika arobaini wale nzi hawana mahali pa kutua. Fauka ya hayo, nilikuwa na daftari. Wiki ya kwanza niliandika 20. Wiki ya tatu, 25. Mwezi wa pili, 35. Katika mwaka ambao kila changu kilikuwa kinapungua, akiba, marafiki, hata nguo zilizonitosha, namba hizo ndizo pekee zilizokuwa zinapanda, na hakuna aliyeweza kunitumia ujumbe wa kuzishusha.

Sikuwa najua wakati huo kwamba jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2018 jarida moja la magonjwa ya akili la Marekani lilichapisha uchambuzi wa majaribio 33 yaliyohusisha watu 1,877, na ikaonekana kwamba mazoezi ya kunyanyua uzani yalipunguza dalili za ile huzuni nzito inayogeuka ugonjwa, kwa wazima na kwa wagonjwa. La kushangaza ni kwamba nafuu ilipatikana hata kwa wale ambao nguvu zao hazikuongezeka sana. Hata hivyo, tafadhali usiache dawa zako wala usimwache daktari wako kwa sababu ya makala yangu. Vyuma hukaa kando ya tiba, havichukui nafasi yake.

Baba hakupendezwa hata kidogo. Aliponiona nikitoka na taulo shingoni alicheka kicheko kibaya. "Unalipa hamsini ili ubebe mzigo? Sisi tulikuwa tukilipwa!" Kisha siku moja, bila kicheko, aliniambia: "Nilibeba ili wewe usibebe." Maneno hayo yaliniuma, msomaji, na hasa kwa vile sikuwa na kazi. Karo ya chuo changu cha uandishi wa habari ilitoka kwenye yale magunia. Kwake, mwana aliyesomeshwa kisha akaenda kubeba saruji kwa hiari yake alikuwa kama mtu aliyeinamia sahani ya chakula akaitemea mate. Kwa hiyo tulikuwa hatuzungumzii vyuma nyumbani.

Ndiyo maana baada ya usiku ule wa chooni sikujua nianzie wapi. Nilikuwa nimesoma juu ya daktari mmoja wa Marekani, Maria Fiatarone, ambaye pamoja na wenzake huko Boston aliwafanyisha mazoezi ya uzani wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wakongwe. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Kwa muda wa wiki nane tu nguvu za miguu ya wale waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha mikongojo. Nilijiambia, ikiwa bibi wa miaka 90 anaweza, kuli wa miaka 74 atashindwaje? Daktari wa zahanati alimpima presha na moyo akaniambia tuanze taratibu. Mtaalamu wa viungo akatuonyesha zoezi lenyewe, ambalo ndilo lile nililokuomba ufanye hapo juu. Kuketi na kuinuka.

Baba alikataa katakata. "Mimi nifundishwe kuinuka kitini?" Akageuza uso ukutani. Wiki nzima.

Kilichomtoa ukutani ni makosa yangu. Jioni moja nilikuwa nafanya mazoezi uani kwa mikebe niliyoazima kwa Mwalimu, nikijaribu kuinua bomba la kilo 60 kutoka chini. Nilikuwa na haraka na nimeinama mgongo umepinda kama wa paka. Baba alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake. Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipougua: "Magoti, wewe! Magoti kwanza! Hivyo ndivyo watu walivyovunjika migongo Shimanzi!" Niliacha chuma kikadondoka.

Akaanza kunieleza, mikono yake ikipaa hewani. Mzigo uwe karibu na miguu, usiufuate mbali. Kalio lishuke. Kifua mbele, macho mbele. Usiuvute kwa mikono, sukuma ardhi kwa miguu. Usiwahi kugeuka kiuno ukiwa na mzigo, geuza nyayo. Nikafanya alivyosema na zile kilo 60 zikapanda kana kwamba mtu amenipokea. Kila alilosema lilikuwa ndilo ambalo Mwalimu alikuwa akijaribu kunifundisha kwa miaka miwili. Mzee alilijua tangu 1969, ila kwake halikuwa zoezi, lilikuwa njia ya kurudi nyumbani mzima.

Tukafanya mapatano hapo hapo. Yeye atasimamia uinuaji wangu, nami nitahesabu wake.

Tuliweka mito miwili juu ya kiti ili kiwe kirefu. Siku ya kwanza aliinuka mara nne, ya tano ikamshinda. Tulifanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maana misuli hujengeka wakati wa mapumziko, si wakati wa kazi. Wiki ya tatu tukaondoa mto mmoja. Wiki ya sita kiti kikabaki kitupu. Hapo ndipo nilipompa chupa mbili za maji nilizozijaza mchanga azishike, kisha mkebe wa rangi wa lita nne. Siri yote ya vyuma imo humo, mpenzi msomaji: ongeza kidogo kila mwili unapozoea. Si jambo jipya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari waliokuwa na magoti dhaifu kwa kuwapa uzani mzito na kuuongeza hatua kwa hatua, wakati ambapo madaktari wengi waliamini magoti hayo yapumzishwe tu. Zile mara kumi kwa mikupuo mitatu ambazo Mwalimu alinipa Magongo zilipata umaarufu kwa kazi yake yeye na mwenzake miaka hiyo ya arobaini. Sidhani Mwalimu anajua, na sijamwambia.

Usishangae ukipata nguvu kabla hujaona msuli wowote. Wiki za kwanza ni ubongo unaojifunza kuiita misuli ambayo ilikuwa imelala. Msuli wenyewe hunenepa baadaye, tena kwa chakula. Mama aliongeza maharagwe, kunde na omena kwenye sahani ya mzee, na yai kila ilipowezekana.

Nisije nikakudanganya kwamba mambo yalikwenda sawa moja kwa moja. Mwezi wa nne tulisafiri matangani, tukakaa wiki mbili, tukarudi na uvivu wetu, ikapita nyingine mbili. Alipojaribu tena kiti kitupu, mara tatu tu. Alinitukana mimi. Ilibidi turudishe mto mmoja. Aidha nakiri kwamba nilipaswa kufunga bomba la kushikilia kule chooni tangu asubuhi ya kwanza, siyo baada ya miezi miwili kama nilivyofanya. Ikiwa una mzee nyumbani, funga leo, mazoezi yatafuata. Na magoti ya baba bado yanamuuma nyakati za mvua, bado ana bakora. Sikuandika makala ya miujiza.

Lakini mwezi wa sita alianza kwenda uani usiku peke yake, nami nikawa nalala macho nikisikiliza bati. Bati halikugongwa. Kisha akarudi barazani kwa wenzake wa drafti, ambako hakuwa amekanyaga tangu hospitali. Mama alikuwa ameamini kwamba unyamavu ule ulikuwa wa uzee. Kumbe ulikuwa hofu. Mtu anayeogopa kwamba hataweza kuinuka mbele za watu haketi mbele za watu.

Dada yangu alipoona hayo aliuliza kama na yeye anaweza, ila akaongeza lile ambalo wanawake wengi huniuliza: "Si nitatokea mabega kama bondia?" Hutatokea, dadangu. Mwili wa mwanamke una kiasi kidogo mno cha homoni ile inayowanenepesha wanaume misuli, na hao mabaunsa unaowaona wametaabika miaka. Utakachopata ni mifupa iliyo imara, na mwanamke ndiye anayeihitaji zaidi, kwa kuwa mifupa yake huanza kudhoofika kwa kasi hedhi inapokoma. Kama unataka mfano, mtazame Hellen Wawira Kariuki, Mkenya mwenye ulemavu aliyeleta medali ya shaba ya kunyanyua uzani kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Dada sasa huja na mifuko miwili ya unga wa kilo mbili mbili, na akimaliza anasonga ugali.

Vijana nao nina neno nao. Hizo sindano na vidonge mnavyouziwa kwa siri vya kukuza kifua haraka vinaharibu ini na moyo, na vinakausha hata uzazi. Nimewaona Magongo na nimewaambia uso kwa uso, kwa hiyo sitarefusha.

Wewe uliye nyumbani hutahitaji kitu kikubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na waliotimiza miaka 65 wafanye ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu. Kiti unacho. Ukuta wa kuusukuma kwa mikono unao. Mtungi wa maji wa lita tano uko jikoni. Toa pumzi unapoinua, usiibane, hasa kama una presha, na ikiwa una ugonjwa wowote zungumza kwanza na daktari kama tulivyofanya sisi. Uchovu wa misuli siku ya pili si kitu. Maumivu makali ya kiungo ni kitu, acha.

Baba ametimiza miaka 76. Mwezi uliopita aliniambia anataka kuona mahali nilipokuwa nikipeleka hamsini zangu. Tukapanda bodaboda ya jirani hadi Magongo. Vijana walimpa kiti akakikataa. Alisimama akiegemea bakora, akitazama mikebe ya saruji kama mtu aliyekutana na adui wa zamani sokoni. Kijana mmoja aliinamia bomba mgongo umepinda, na kabla Mwalimu hajafungua kinywa baba alikuwa amekwisha kupiga kelele, "Magoti!" Jimu nzima ikageuka.

Alikaa nao karibu saa nzima. Alishika bomba la kilo 20, akaliinua kutoka chini mara tano, taratibu, kalio likishuka kama inavyotakiwa, akalitua bila mlio. Tulipokuwa tunatoka Mwalimu alimwambia mzee halipi. Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya shilingi 50, akaiweka juu ya meza. Alipoona ninamtazama, akaninong'oneza:

"Usimwambie mama yako."